Mzee wangu (75) kaonja kokteli Raskazone, sasa anasema magoti hayaumi. Ni pombe, ni upepo wa bahari au ni mapenzi tu?

#1 Mwanaraskazone
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu ni mstaafu wa shamba la mkonge, ana miaka 75, presha anayo na vidonge anameza kila asubuhi. Ujanani alikuwa mtu wa tembo la mnazi, yeye na wenzake kule Pongwe, kila jioni wanakaa kitako wanapokezana kata. Aliacha zamani, marehemu mama alipopiga marufuku.

Mwezi uliopita mdogo wangu kaja likizo kutoka Dar, kampeleka ufukweni Raskazone, hapa hapa Tanga, na kumwagizia kokteli: ramu, juisi ya nanasi, ndimu, kipande cha chungwa ukingoni na kile kimwavuli cha karatasi juu. Mzee kitu cha kwanza alichofanya ni kukichomoa kimwavuli, akakifuta kwa leso na kukitia mfuko wa shati, eti cha mjukuu. Kisha akanywa taratibu karibu saa nzima, huku wakila mihogo na pweza.

Asubuhi kaamka anasema kalala usingizi wa zamani na magoti hayamsumbui. Tangu hapo ikifika Jumamosi alasiri anavaa kofia, anatoka nje, anauliza, "Gari lipo?"

Dada yangu anasema tunamuua mzee wetu. Mdogo wangu anasema wazee wa zamani walikunywa na wakafika tisini. Mimi nipo katikati na ndiye mwenye gari. Nini kimemponya magoti, na je, niwashe gari au nifiche funguo?

#2 Kidomo
Uzi bila picha ya kimwavuli hauna hadhi.

#3 PanganiKwetu
Mdogo wako yuko sahihi, ila amekosea kinywaji. Walichokunywa wao sicho tunachokunywa sisi. Mgema anapanda alfajiri, kotama mkononi na kibuyu kiunoni, anachonga karara kabla halijapasuka, utomvu unadondoka wenyewe. Ukishushwa ni mtamu. Saa sita mchana umeshachacha, jioni ni mkali, kesho yake ni siki. Hakuna kiwanda, hakuna rangi, hakuna kemikali. Mtu akinywa kitu cha Mungu namna hiyo kwa nini asifike tisini?

#4 Mjukuu wa Mgema
PanganiKwetu, hapo kwenye kotama na karara umesema kweli. Kwenye "kitu cha Mungu" nakukatalia. Babu yangu aligema mpaka miguu ikakataa kupanda. Utamu wa mnazi ni sukari, na hamira ya hewani ndiyo inayoigeuza kuwa pombe. Ukishakolea vizuri hauachani sana na bia ya chupa. Pombe ni pombe.

Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mnazi haukai. Hakuna mzee aliyeweka kreti ya mnazi chini ya kitanda. Mgema akisema umekwisha, umekwisha, rudi nyumbani. Na karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye shamba alipaswa kuchagua: tembo au tui. Wake zao mara nyingi ndio waliochagua.

#5 Kidomo
Na mgema akisifiwa...

#6 Mjukuu wa Mgema
Babu alitia maji bila kusifiwa. Na wateja wake ndio hao waliofika tisini.

#7 Jogoo la Makorora
😂😂 Siri imetoka. Kumbe dawa ya maisha marefu ni udanganyifu wa mgema.

#8 NesiMstaafu
Mwanangu Mwanaraskazone, hongera kwa kumjali baba. Ngoja niseme kidogo, hawa wengine wanacheka tu.

Mwili wa mtu mzima sana una maji machache kuliko wa kijana. Glasi ileile iliyomchangamsha akiwa na thelathini, leo inapanda zaidi kwenye damu yake, na ini nalo halina haraka. Hilo la kwanza.

La pili ni vidonge. Kidonge kinashusha presha, na pombe nayo kwa saa kadhaa inaishusha. Halafu pombe inaongeza mkojo. Sasa piga picha saa nane usiku: mzee kabanwa, anasimama haraka, umeme umekatika, kizunguzungu, chini. Nyonga ikivunjika kwa umri ule huwa ni safari ndefu, na wengine hawarudi. Wodini nimewapokea wengi walioletwa kwa "kuteleza chooni", na ukiuliza jioni yake ilikuwaje familia inaangaliana.

Kuhusu usingizi, pombe humlaza mtu upesi, lakini nusu ya pili ya usiku inakatikakatika. Hata akikuambia kalala vizuri, muulize kaamka mara ngapi.

Sasa nijibu haya: ana sukari? Anatumia dawa gani? Kwenye magoti anameza nini? Akiwa anameza diklofenaki na kuteremshia ramu, tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya. Na mwenye sukari anayemeza glibenklamaidi akinywa bila kula, sukari inashuka ghafla: jasho, kutetemeka, maneno ya ovyo. Watu wanasema "kalewa huyo, mwacheni alale." Hapo ndipo watu wanapotutoka.

#9 Mwanaraskazone
Ahsante sana mama. Sukari hana, tulipima. Presha ni amlodipini. Magoti anachua tu kwa dawa ya kupaka. Na kula alikula, pweza aliisha sahani nzima.

#10 Kasomea Ughaibuni
Mnazunguka sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko Januari 2023: hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na shirika lake la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi tangu 1988. Mjadala umeisha. Mods fungeni uzi.

#11 Jogoo la Makorora
Lini uzi wa pombe ulifungwa kabla wanywaji hawajatoka kazini?

#12 PanganiKwetu
Kasomea, na wale wazee wa Sardinia huko Italia wanaofika mia na glasi yao ya divai kila siku? Au tamko halikufika kisiwani?

#13 Kibarazani
PanganiKwetu, wale wa Sardinia pia wamechunga kondoo milimani maisha yao yote na wanaishi na wajukuu nyumba moja. Wewe umeiona divai tu.

Hoja ya mdogo wake mtoa mada ina tundu kubwa. Tunawahesabu waliofika tisini kwa sababu wapo, wanakaa barazani, wanasimulia. Mtaani kwetu Ngamiani rika la baba walikuwa kundi zima la wapenda tembo. Mmoja alianguka na baiskeli akitoka kunywa, mwingine ini, mwingine aliondoka tu usiku. Mjomba wangu kabakia, ana themanini na kitu, na kila akiulizwa siri ya umri wake anasema mnazi. Wale wengine hakuna wa kuwauliza.

Na kuna kingine. Mtu akikuambia wasiokunywa kabisa wanakufa mapema, uliza ni akina nani. Humo ndani wamo walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa.

#14 Shangazi Chumbageni
Mnaongea glasi, glasi, glasi. Hebu rudini #1 msome polepole.

Mzee katolewa nyumbani. Kavaa shati la kutokea. Kapigwa na upepo, kakanyaga mchanga, kala kitu kitamu, mwanawe kakaa naye saa nzima bila kushika simu (natumaini). Tangu mama yenu aondoke, nani alikuwa anakaa naye saa nzima? Semeni ukweli. Mtu mzima akishinda peke yake na redio, hata kope zinamuuma.

Mama yangu mimi hajawahi kuonja pombe. Alipofiwa akawa hataki kula, mgongo, kichwa, kila siku hospitali, vipimo safi. Tukaanza kumteremsha bustani ya Jamhuri jioni, anakaa kwenye benchi anaangalia meli bandarini na kuwasema watu wanaopita. Mgongo ulipona kwa kusengenya. Kinywaji chake kilikuwa tangawizi ya moto.

#15 Kidomo
Shangazi umemaliza kila kitu. Ila mbona hakuna anayemgusa pweza?

#16 Jogoo la Makorora
Pweza ndiye mshukiwa mkuu. Mzee mjane, kala sahani nzima ya pweza, kaamka mchangamfu, magoti hayaumi, kila Jumamosi anavaa kofia. Tusichunguze zaidi ya hapo.

#17 NesiMstaafu
Heshima jamani, ni mzazi wa mtu.

#18 Mwanaraskazone
Mama, waache, mzee mwenyewe ni mbaya kuliko hao.

#19 Mwanabaraza
Amani iwe juu yenu. Wengine humu jibu letu la pombe lipo tangu utotoni, sina la kuongeza. Nataka tu kuunga mkono la Shangazi. Wazee wa barabara yetu, baada ya alasiri, bao linawekwa, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, kashata mbilimbili, wanabishana mpira mpaka adhana ya magharibi. Wanasimulia Coastal walivyochukua ubingwa 1988 utadhani ni jana. Hakuna anayelalamika magoti mpaka arudi nyumbani kwa mkewe.

#20 Jogoo la Makorora
Ustadh, kahawa ile ile ndiyo inawaweka macho mpaka saa saba wakihesabu mabati.

#21 Mfamasia Mtoro
Jogoo hapo ana pointi, nusu ya ile kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, na kwa wazee wengine zaidi. Ila nimeingia kwa jambo jingine. Kuna mtu atasema toniki. Huwa hakosekani.

#22 PanganiKwetu
Ndiyo nilikuwa naandika! Mzee mmoja jirani yetu anatumia Konyagi na toniki kila jioni. Anasema toniki ina kwinini, malaria haimgusi na misuli haimbani usiku.

#23 Mfamasia Mtoro
Nilijua 😄. Haya, hesabu. Kwa Marekani sheria hairuhusu kwinini kuzidi miligramu 83 kwa lita moja ya toniki. Dozi ya malaria kwa mtu mzima ni kama miligramu 600 kila baada ya saa nane, kwa siku saba. Yaani kila mkupuo mmoja anatakiwa anywe lita saba na ushee. Akiweza hilo, malaria haitakuwa tatizo lake tena. Na kwinini kwa kubana misuli huko huko kwao wameonya watu wasiitumie, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Sasa turudi kwa mzee. Nesi kasema yote ya msingi, mimi naongeza kipimo. Bia ya nusu lita yenye asilimia tano ina pombe tupu karibu gramu 20. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo kile kiroba cha mililita 100, kabla viroba havijapigwa marufuku 2017, kilibeba karibu gramu 28. Ukishika bia au Konyagi unajua umeshika nini. Kokteli hujui. Kijana wa kaunta akimwaga kwa jicho, glasi moja inakuwa tatu, na nanasi linaficha kila kitu. Kabla hatujaendelea kubishana, nenda ukaulize: kwenye glasi ya mzee kulikuwa na nini hasa?

#24 Kidomo
Mtoa mada ameitwa mahakamani.

#25 Mwanaraskazone
Wakuu nimerudi, na mambo yameharibika zaidi.

Nimepita pale ufukweni jana. Kijana wa kaunta anamkumbuka mzee kwa sababu ya kile kimwavuli. Anasema siku ile ramu iliwaishia, mdogo wangu akaambiwa, akasema "basi weka hivyo hivyo." Kwa hiyo kwa maelezo yake mzee alikunywa juisi ya nanasi na ndimu.

Nimempigia mdogo wangu. Anaapa ramu ilikuwepo, aliona chupa kwa macho yake na alilipia bei ya kokteli, 15,000, si bei ya juisi.

Nimemuuliza mzee mwenyewe. Kanitazama akasema: "Mimi nimekunywa kabla mama yako hajazaliwa. Unadhani siijui pombe ikipita?"

Risiti hakuna.

#26 Jogoo la Makorora
😂😂😂 Mdogo wako kalipia juisi elfu kumi na tano! Huyo ndiye wa kupelekwa hospitali.

#27 Kasomea Ughaibuni
Kama ni juisi, hiyo ni nguvu ya imani, inajulikana kitaalamu. Mtu akiamini kapewa dawa, maumivu yanaweza kupungua kweli.

#28 Shangazi Chumbageni
Kama ni juisi, nimeshinda mimi.

#29 PanganiKwetu
Mimi namwamini mzee. Mnywaji mzoefu hadanganywi na nanasi. Kijana wa kaunta anaficha kwa sababu aliuza ramu ya bosi mfukoni.

#30 Kibarazani
Au ramu ilikuwepo na magoti yangepona vilevile. Magoti ya uzee yana siku zake, wiki hii yanauma, wiki ijayo yamepoa. Mvua za masika zilikuwa zimeisha?

#31 Mwanaraskazone
Zilikuwa zinaishia ishia.

#32 Kibarazani
Haya basi.

#33 Mjukuu wa Mgema
Baba yangu pia anapima mvua kwa goti, lakini goti lake limetabiri mvua nyingi ambazo hazikunyesha.

#34 Jogoo la Makorora
Mimi nina hoja ya kizalendo. Mzee katumikia mkonge maisha yake yote, halafu mnamnywesha ramu ya miwa. Tekila si inatoka kwa ndugu yake mkonge? Mbona Tanga hatutengenezi yetu? Tumejaa mkonge tangu Wajerumani waulete kutoka Brazil.

#35 Kasomea Ughaibuni
Si Brazil. Asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu.

#36 Mjukuu wa Mgema
Na ni ndugu kweli ila si yuleyule. Tekila inatoka kwenye ule mkonge wao wa buluu, wanaungoja miaka kadhaa, wanafyeka majani yote na kuchukua moyo, wanaupika mpaka utoe sukari, ndiyo wanachachusha na kukeneka. Sisi wetu tunauvuna majani miaka nenda rudi mpaka utoe mlingoti ufe. Uliza mtu yeyote aliyekata mkonge kama angetamani kunywa ule utomvu. Unawasha mpaka kwenye kwapa.

#37 Mwanaraskazone
Nimemsomea mzee hii. Kasema mwambieni huyo Jogoo aje akate mkonge mita moja kwanza, ndipo aongee habari ya kuunywa.

#38 Jogoo la Makorora
Shikamoo mzee. Nimeghairi.

#39 Shangazi Chumbageni
Mimi naleta suluhisho, mnaotaka mzozo endeleeni. Ukwaju loweka tangu asubuhi, uchuje. Tangawizi mbichi ponda, usisage, ikisagwa inakuwa kali ya ovyo. Kamua machungwa ya Muheza, yale ya ganda la kijani msiyadharau, ndiyo matamu. Iliki tatu nne zipasue. Changanya, tia chumvi ya ncha ya kisu, weka kwenye friji. Wakati wa kunywa jaza barafu na umalizie na maji yenye gesi. Mtilie kwenye glasi ile ndefu, mwekee na chungwa ukingoni, na kimwavuli. Kimwavuli msisahau, mjukuu anasubiri.

#40 Mfamasia Mtoro
Safi sana. Mtu asije akabadilisha chungwa kwa balungi tu. Balungi linagombana na baadhi ya dawa za presha, nifedipini hasa, dawa inapanda kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa.

#41 NesiMstaafu
Na sukari msimiminie kwa mkono wa harusi. Machungwa yanatosha. Mwanangu, hata kama ni juisi, hiyo Jumamosi mpime presha akiwa ameketi na tena akishasimama dakika mbili tatu. Namba zikiachana sana, mwone daktari kabla ya ufukwe. Na ukipata nafasi mwulize daktari waziwazi kuhusu glasi moja, msifichane. Wazee wengi wanafichwa na watoto na wao wanawaficha madaktari.

#42 PanganiKwetu
Kwa hiyo mnamnyima mzee kitu kidogo alichobakiza duniani? Ana 75. Ameacha mnazi kwa ajili ya mke, ameacha chumvi kwa ajili ya presha. Sasa ukwaju!

#43 Kasomea Ughaibuni
Hakuna anayemnyima. Anapewa taarifa, anaamua mwenyewe. Ni mtu mzima.

#44 Kibarazani
Kasomea, hii ni mara ya kwanza nakubaliana na wewe. Ila dada yao hatakubali.

#45 Mwanaraskazone
Dada amesoma uzi wote. Amekubali ukwaju, amekataa Raskazone, anasema anyweshewe nyumbani. Mzee amekubali Raskazone, amekataa ukwaju. Halafu kaniuliza, huyu Shangazi yuko Chumbageni sehemu gani.

#46 Shangazi Chumbageni
Mwambie nina mume, na sasa hivi anasoma begani kwangu.

#47 Jogoo la Makorora
Nilisema ni pweza.

#48 Mgeni Juzi
Samahani wakuu, nipo Tanga kikazi hadi Ijumaa. Huo mnazi usiotiwa maji unapatikana wapi?

#49 Mjukuu wa Mgema
Pongwe, uliza wenyeji. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Usiotiwa maji sikuahidi.